Biblia ya Union ya maandishi makubwa, nimeitumia mwaka na zaidi wodini na nyumbani

Hii Biblia, ya ile tafsiri ya zamani ya Kiswahili inayoitwa Union, niliinunua nikiwa kwenye shida, kwahiyo ukiona naiongelea kama naongelea mtu unisamehe. Mume wangu alipata kiharusi Februari mwaka jana. Asubuhi tu, anafunga kamba za viatu aende karakana, nikasikia kitu kimeanguka nikadhani beseni, kumbe ni yeye. Upande wote wa kulia ukalala na maneno yakakata hapohapo. Yeye ni fundi seremala, anatengeneza vitanda, makabati, milango, kwahiyo mkono wa kulia ndo uliokuwa unatulisha. Tukapelekwa hospitali ya wilaya, toka hapo rufaa, tukakaa wiki saba. Wiki saba nimelala chini pembeni ya kitanda nimetandika kanga mbili, kila saa kumi na moja alfajiri tunaamshwa tutoke wadeki.

Mwanzoni nilikuwa nasoma Biblia kwenye simu kama watu wengi tu. Na sisemi programu za Biblia za kwenye simu ni mbaya, zina tafsiri kibao na unatafuta mstari kwa sekunde. Ila wodini simu ilinishinda. Chaji yenyewe ni foleni, soketi moja watu kumi na mbili. Halafu nilikuwa nimeshakopa mtandaoni, hii mikopo tunayoita kausha damu, maana hela ya vikoba iliishia kwenye kipimo cha CT scan na dawa, sasa unakuta uko katikati ya Zaburi unajaribu kutulia, juu ya kioo inashuka meseji, mpendwa mteja deni lako limepitiliza tutawajulisha ndugu zako. Moyo unadunda upya. Nasoma mstari uleule mara tatu na sijui nimesoma nini. Nikaja kuelewa kwamba siwezi kutafuta amani kwenye kitu hichohicho kinachoniletea hofu, nikazima simu nikaitia kwenye mfuko wa nailoni chini kabisa ya nguo.

Shemeji alipokuja kunipokea zamu Jumamosi moja nikaenda mjini duka la vitabu vya kikanisa. Nilikuwa na elfu hamsini ya kula wiki nzima. Nikachukua hii, Union ya maandishi makubwa, elfu thelathini na nane. Najua kuna mtu atasema mgonjwa yuko kitandani unanunua kitabu cha elfu thelathini na nane. Hata mama yangu alisema. Siwezi kujitetea zaidi ya kueleza ilichofanya, ndo maana naandika.

Tuanze na yenyewe ilivyo. Ni kubwa, nimeipima kwenye mzani wa mangi inazidi kilo moja, sio ya kwenda nayo kwenye daladala kila siku. Jalada gumu jeusi, utepe mmoja wa kuwekea alama, ramani za rangi mwishoni. Vitabu ni 66, kwahiyo ndugu zangu Wakatoliki mjue ile yenye Tobiti na Yoshua bin Sira na Wamakabayo sio hii. Karatasi zake ni laini na nyepesi kama zilivyo Biblia nyingi, peni ya wino inatokea upande wa pili, tumia penseli. Maandishi ndo sababu ya mimi kuilipia. Wodini usiku taa zinazimwa inabaki moja ya mezani kwa manesi, na mimi macho yangu yameanza kusumbua, ila nikikaa nimegeukia ule mwanga nilikuwa nasoma bila kukunja uso. Mume wangu baada ya kiharusi upande mmoja wa macho ukawa hauoni vizuri, maandishi madogo yanamchosha anafumba. Hii anaweza. Haya yote unaweza kuyaona dukani ukiifungua, ila kilichofuata hakionekani dukani.

Alikuwa haongei. Wiki tatu nzima ni sauti tu, aaa, aaa, na machozi, maana akili ilikuwepo na alikuwa anajua anachotaka kusema. Ukimuuliza unataka maji, anataka kujibu, kinatoka kitu kingine, anapiga godoro kwa ngumi ya kushoto. Kama hujawahi kuuguza mtu wa hivo siwezi kukuelezea. Kabla ya hapo nilikuwa namsomea kutoka kwenye simu Biblia Habari Njema, kwa sababu ni Kiswahili chepesi nikaona itamfaa mgonjwa. Zaburi ya 23 pale inaanza na Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu. Alikuwa ananiangalia tu. Siku niliyokuja na hii nikafungua palepale, usiku, nikasoma "Bwana ndiye mchungaji wangu", nikasimama kidogo maana mtu wa kitanda cha pili alikuwa anakohoa, na mume wangu akamalizia. Sitapungukiwa na kitu. Taratibu, ulimi mzito, lakini maneno yote matatu yamenyooka. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaendelea, katika malisho ya majani mabichi, akamalizia hunilaza. Hadi mwisho wa zaburi. Nesi wa zamu alikuja akasimama na kile kitochi chake.

Kesho yake nikamweleza mtaalamu wa mazoezi, akaniambia inatokea, mtu akipoteza maneno kwa kiharusi mara nyingine yale aliyoyakariri toka utotoni, kuhesabu, siku za wiki, nyimbo, sala, yanabaki, maana hayatungwi upya kama mazungumzo yanatoka tu kama yalivyoingia. Mume wangu alikaririshwa Zaburi ya 23 shule ya Jumapili akiwa na miaka saba, kwa Union. Sio kwa tafsiri nyingine yoyote. Kwahiyo ule Mwenyezi-Mungu, japo ni sahihi na ni neno zuri, haukuwa ufunguo wa ule mlango. Mimi naamini ni Mungu na naamini pia alichosema yule mtaalamu, sioni vinagombana wapi. Tokea hapo mazoezi ya kuongea tulifanyia humohumo, mstari mimi mstari yeye, na neno lake la kwanza la kwake mwenyewe ambalo halikuwa kwenye Biblia lilikuja siku kumi na moja baadae, alisema uji.

Ndo maana mtu akiniuliza tafsiri gani anunue kwa ajili ya mzazi au mgonjwa, mimi nauliza kwanza yeye alikaririshwa ipi. Usimnunulie rahisi, mnunulie ya kwake.

Kuhusu hilo jina Union, mimi miaka yote nilikuwa nadhani ni mambo ya Muungano wetu wa 1964. Hapana, Biblia hii ni ya 1952. Kabla yake watu wa Mombasa walikuwa na Biblia yao ya Kimvita, lahaja ya kwao, na watu wa Unguja walikuwa na yao iliyotokana na kazi ya Askofu Steere, yule ambaye kanisa lake lipo Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa. Makanisa yakakaa yakatoa moja ya wote. Mchungaji anayezunguka wodini ndo alinieleza, na akanieleza kingine ambacho sijakisahau. Aliyeanza kabisa kutafsiri kwa Kiswahili ni Ludwig Krapf, Mjerumani, Mombasa, mwaka 1844, alianza na Mwanzo mwezi wa sita akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwezi wa saba mke wake Rosine akajifungua, na ndani ya siku chache akafa kwa homa, na kichanga kikafa. Kaburi lipo mpaka leo upande wa Nyali. Na huyu mtu mwenyewe alikuwa anaumwa homa hiyohiyo. Akaendelea na kazi. Nilimuuliza mchungaji aliwezaje, mchungaji hakunipa jibu, alisema tu hata yeye anajiuliza. Nilimpenda kwa hilo. Lakini nilipokuwa nafungua ile kurasa ya Mwanzo nilikuwa najua kwamba Kiswahili hiki mwanzo wake ni nyumba yenye msiba.

Sasa lugha yenyewe. Ni ya zamani, vijana wanailalamikia na wana haki. Lo lote, ye yote, cho chote, vimeandikwa kwa kutenganishwa. Neno "hata" linatumika mahali ambapo sisi tunasema "mpaka". Zaburi ya 13 inaanza "hata lini", na inarudiwa mara nne mistari miwili tu, binti yangu wa darasa la saba akaniuliza mama hata lini ndo nini. Nikamwambia ni mpaka lini. Akanyamaza kidogo akasema kumbe Daudi nae alikuwa anauliza kama sisi. Zaburi ya 130 ina neno vilindini, mimi mtu wa bara nilikuwa nalipita tu, kitanda cha dirishani kulikuwa na mzee mvuvi wa zamani wa Bagamoyo akanifafanulia, kilindi ni pale unashusha nanga kamba inaisha na haijagusa chini. Zaburi hiyohiyo inasema mtu anamngoja Bwana kuliko walinzi wanavyoingoja asubuhi. Mlinzi wa pale korido yetu alikuwa mzee mwenye koti la baridi, kila saa tisa usiku anatoka nje anaangalia upande wa mashariki anarudi kukaa. Nilimwangalia wiki saba. Hakuwa na wasiwasi kama asubuhi itakuja. Alikuwa amechoka tu.

Hapa ndo penyewe ninapotaka kukaa. Watu walinitumia mistari mingi sana kipindi kile, Mungu awabariki, na karibu yote ilikuwa ya ushindi. Utainuliwa, utakuwa kichwa wala si mkia, yote yanawezekana. Nilikuwa nasoma nasema amina na ndani kumekauka, kama mtu anakupongeza kwenye msiba. Nikaanza kuona aibu ya kusali, maana nilidhani ili uende mbele za Mungu lazima uwe umeshajipanga, uso umeoshwa, imani imesimama, na mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira na Mungu nasema ukweli. Mtu hanywi pombe, hajawahi kumdhulumu mtu mbao, anatoa fungu la kumi, unamchukua mkono.

Kwa kuwa sasa nilikuwa nasoma zaburi kwa mfululizo, kila usiku tunaendelea pale utepe ulipo, sio kuchagua mistari, nikakutana na zile ambazo hakuna mtu anakutumia. Nyingi ni kilio, hesabu mwenyewe utaona. Ile ya 22 ambayo Yesu mwenyewe aliililia msalabani, mbona umeniacha. Na ya 88. Nilisoma 88 usiku wa wiki ya tano, siku ambayo daktari alikuwa ameniambia nisitegemee sana mkono. Zaburi zingine za kilio mwishoni zinageuka, anasema lakini mimi nitakusifu. Nikawa nangoja 88 igeuke. Haigeuki. Inaishia kwenye giza, marafiki wameondolewa, basi, inaanza 89. Nikarudi juu kuangalia kama nimeruka ukurasa.

Na hapo ndo nikalia kilio ambacho nilikuwa sijalia toka Februari, na baada ya hapo nikalala mpaka wakaja kutuamsha wadeki. Nilichoelewa ni hiki, mtu alimwambia Mungu hayo yote, na Mungu hakuyafuta, akayaacha yaingie kwenye kitabu chake, yakasomwa hekaluni, yakatafsiriwa, yakafika kwangu. Kwahiyo ninaruhusiwa. Ile amani ambayo Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba inapita akili zote, mimi nilikuwa nadhani ni kujisikia vizuri. Kwangu haikuja hivo. Ilikuja kama ruhusa ya kusema. Hali ilikuwa ileile, deni lilelile, mkono uleule, ila sikuwa tena peke yangu na yale maneno yaliyokuwa yananikaba kooni, nilikuwa na mtu wa kumwambia, na maneno ya kumwambia nayo alishanipa.

Kuna huduma moja ya maombi, siitaji jina, ndugu walinipeleka, tuliambiwa kiharusi ni kifungo cha ukoo na tununue mafuta na maji, na dawa za presha tuziache kwa siku saba kama ishara ya imani. Nilinunua mafuta. Dawa sikuacha, namshukuru Mungu sikuacha, na nawaomba sana sana kama una mgonjwa wa presha usimwachishe dawa kwa neno la mtu yeyote. Hela niliyotoa pale ilizidi bei ya Biblia hii karibu mara mbili na nilirudi wodini nikiwa na hofu kuliko nilivyoondoka, nahesabu babu gani alifanya nini. Yesu alipowaachia wanafunzi amani yake hakuwapa na bei.

Kitu ambacho sikutegemea ni wodi. Ukisoma kwa sauti usiku hata ukipunguza watu wanasikia. Kulikuwa na dada wa Kilosa anamuuguza kaka yake, Muislamu, siku ya tatu nne nikawa nasoma kimoyomoyo nisiwakere, akaniambia dada mbona leo umetunyima, Zaburi si ya Nabii Daudi, hata sisi tunaijua. Basi ikawa kila baada ya yeye kumaliza Isha nami nafungua utepe. Kaka yake alifariki wiki ya sita. Alinishika mkono hakusema kitu, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kwamba sio lazima nimtafutie mstari wa kumgeuza. Tulikaa tu.

Mapungufu ninayoyaona. Uzito, nimesema. Mgonjwa wa mkono mmoja hawezi kuishika mwenyewe, tunaiweka juu ya mto na mimi nashikilia kurasa, ingekuwa na toleo la Zaburi na Agano Jipya peke yake kwa maandishi haya haya mimi ningelinunua kesho. Utepe mmoja hautoshi kama mnasoma watu wawili sehemu tofauti, nimeongezea kipande cha uzi wa kushonea. Kava la zipu sio la kwake, nililinunua kwa machinga nje ya duka elfu saba, zipu ikafa mwezi wa tatu, usinunue zile zenye meno ya plastiki. Fundi viatu wa stendi alinibadilishia akaweka ya chuma kwa elfu mbili mia tano mpaka leo iko imara. Na kama ndo mara yako ya kwanza kusoma Biblia kabisa, hujakaririshwa chochote, basi labda anza na Habari Njema upate mtiririko halafu uje huku, maana Union itakuchosha mapema na kuna sehemu utakuwa unakisia.

Sasa hivi tuko nyumbani. Anatembea kwa mkongojo, anaongea, majina ya watu ndo bado yanamponyoka. Mkono haujarudi. Karakana tumempangisha kijana aliyekuwa msaidizi wake na yeye anakaa pale kwenye benchi anaelekeza kwa mdomo, pima hapo, ongeza randa hapo. Deni la kausha damu nimebakiza kulipa mara mbili. Zaburi tumezunguka zote 150 mara mbili na tuko ya tatu, jana ilikuwa zamu yake kusoma, alichukua dakika ishirini kwenye zaburi fupi na hatukumsaidia hata neno moja kwa sababu alikataa.

Mkienda kununua, ifungueni palepale dukani kabla hujalipa, pitisha kidole kuanzia Zaburi hadi Mithali uhakikishe kurasa hazijagandana, na uisome mstari mmoja ukiwa umesimama sio karibu na mlango, sogea ndani kwenye kagiza, maana huko ndo utakakoisomea.